Mtoto Mmoja au Mayai Mia?

Leo kona yetu inakwenda mbali kidogo, yaani mbali kweli kweli, miaka milioni mia mbili na ushee nyuma, kwa hiyo kaa mkao wa kula. Lakini usihofu, mada ni ileile inayojaza barua na meseji zenu: tuzae wangapi?

Maana katika hili, jamani, mmenishika pabaya. Kuna dada wa Kijitonyama ana mtoto mmoja, na kila Jumapili mama mkwe anauliza, "Mwenzake yuko wapi?" Kuna kaka wa Mtoni Kijichi, yeye na mkewe wote wameajiriwa, wamekaa chini wakapiga hesabu ya ada, kodi ya nyumba na dada wa kazi, wakaamua wawili basi. Sasa kwao wanasema mke amemkalia. Na juzi kwenye kicheni pati moja huko Temeke, somo alimwambia bibi harusi mbele ya ukumbi mzima kuwa mtoto mmoja ni kama jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi mwenye wangu mmoja nilikunywa soda yangu taratibu.

Sasa mchango wa mjadala huu umenijia kutoka mahali nisipopategemea. Mwanangu ana miaka sita na amekamatwa na zile filamu za dinosaria. Kwenye Jurassic World, ile ya mwaka 2015, kuna lile dude la majini linaloruka juu na kumeza papa mzima mbele ya watalii. Katikati ya kelele zote zile mtoto akauliza, "Huyu alikuwa anataga wapi?" Baba yake akasema baharini. Bibi yake akasema ufukweni, kama kasa. Mimi nikanyamaza, nikaenda kusoma. Na shosti, niliyoyakuta huko ni zaidi ya tamthilia.

Kwanza tuwekane sawa. Yale madude ya baharini hayakuwa dinosaria. Dinosaria kama yule mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, aliishi nchi kavu. Yule mnamjua, maana kila baada ya muda fulani wabunge wanauliza lini atarudi. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, Watanganyika wakabeba mifupa kichwani mpaka bandari ya Lindi, na leo amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Huyo ana jina, ana ugomvi, ana mashabiki. Hawa wa majini ni koo nyingine za wanyama watambaao, ambazo babu zao walikuwa na miguu na walitembea nchi kavu kama kenge, halafu wakarudi majini kuishi.

Na mmoja wa wale wa mwanzo mwanzo kujaribu maji ni mtu wa nyumbani. Ni wa Tanga.

MJUSI WA TANGA

Mwaka 1922 jamaa mmoja mtaalamu wa miamba, F. P. Mennell, alikuta karibu na Tanga mifupa iliyogeuka kuwa jiwe. Miaka miwili baadaye Sidney Haughton wa Afrika Kusini akaichambua na kumpa mnyama jina: Tangasaurus mennelli, mjusi wa Tanga. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 250, yaani dinosaria wenyewe walikuwa bado hawajazaliwa. Mabaki yale yako Cape Town, jumba la makumbusho. Mwaka 1982 mtaalamu wa Kanada, Philip Currie, aliyarudia kuyapima upya kwa makini.

Hakuwa mkubwa. Ungemkuta kichochoroni Chumbageni ungesema ni mtoto wa kenge tu. Siri yake ilikuwa mkiani: mifupa ya mkia imenyooka juu na chini, kwa hiyo mkia ulikuwa bapa kama kasia, kitu cha kusukumia maji. Miguu ilikuwa bado miguu. Nusu wa bara, nusu wa maji, kama mfanyakazi wa Posta anayelala Kibaha.

Ana binamu yake Madagaska, enzi hizo Madagaska ikiwa bado imeshikamana na bara letu. Huyo anaitwa Hovasaurus, urefu nusu mita hivi na sehemu kubwa ni mkia. Wengi wao wamekutwa na vijiwe tumboni. Si kwamba walikula mawe kwa njaa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vijiwe vile vilikuwa farumi, kama mabaharia wa majahazi wanavyopakia uzito chini ili chombo kisiyumbe. Mjusi aliyetaka kuzama akatafute chakula, lakini mwili wake ulikuwa bado unaelea, akameza uzito.

Kisha, miaka milioni 252 iliyopita, ikaja balaa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Volkano za Siberia zilimwaga moto na gesi, hewa ikachafuka, bahari zikapata joto na kukosa oksijeni, na aina nyingi mno za viumbe wa baharini zikafa. Fikiria Kariakoo siku ya sikukuu, maduka yote yamefungwa. Waliobaki wakakuta nafasi tupu, na katika miaka milioni chache tu wanyama watambaao wakaingia baharini kwa fujo. Hapo ndipo wale wakubwa wa kwenye filamu wanapoanzia.

YAI HALIJUI KUOGELEA

Ukihamia baharini unakutana na matatizo mawili makubwa. La kwanza ni pumzi, maana hawa wote walivuta hewa kama mimi na wewe, walilazimika kupanda juu. Hilo walilimudu kama nyangumi anavyolimudu leo. La pili ndilo alilouliza mwanangu. Yai la mnyama anayetambaa linapumua kupitia ganda. Ukiliweka chini ya maji kijusi kilichomo kinakosa hewa na kufa. Kwa hiyo yai lazima lirudi nchi kavu, na mama lazima arudi nalo.

Lakini ukishakuwa na mwili wa tani kadhaa, na miguu imekuwa mapezi, utapandaje ufukweni? Baba yake mtoto hakupata, na bibi yake hakupata. Jibu ni kwamba hawakutaga kabisa. Walizaa.

Hili si la kukisia. Kuna mawe ya ajabu ya Holzmaden, Ujerumani, ya miaka milioni 180 hivi, yenye ikthiosauri wakiwa na watoto matumboni, na wengine wamekufa mtoto ameshatoka nusu. Ikthiosauri ni wale waliofanana na pomboo, pua ndefu, macho makubwa kupita kiasi. Baadhi walikuwa na jicho la zaidi ya sentimita 20, sawa na sahani, kwa kuwindia kwenye giza la kina. Mwaka 2018 watafiti walionyesha hata mabaki ya ngozi laini na tabaka la mafuta chini yake, kama nyangumi, dalili kwamba mwili wao ulitunza joto.

Na mwaka 2014 ikatangazwa habari iliyonifanya niweke kikombe chini. China, kwenye jiwe la miaka milioni 248, mama aina ya Chaohusaurus alikutwa na watoto watatu: mmoja bado tumboni, mmoja anatoka, na mmoja ameshatoka nje. Yule anayetoka ametanguliza kichwa. Sisi tuliopita leba tunajua kichwa kutangulia ndiyo raha yetu, ila kwa mnyama anayezaa majini na kuvuta hewa ni tofauti. Pomboo na nyangumi wa leo kwa kawaida hutanguliza mkia, na ikthiosauri wengi wa baadaye pia. Maelezo ya miaka mingi ni kwamba mtoto asije akazama kabla ya kumaliza kuzaliwa, ingawa siku hizi wapo wataalamu wanaoyapinga. Waliomchambua yule mama wa China walisema kutanguliza kichwa ni desturi ya nchi kavu. Maana yake, kuzaa badala ya kutaga walikuja nako kutoka bara, hawakukuzulia baharini.

Yule mama alikufa kwenye uzazi, au karibu na uzazi. Miaka milioni 248 na bado ukiiangalia picha ile unashika tumbo.

Ukubwa wao nao si mchezo. Mwaka 2020 binti wa Kiingereza wa miaka 11, Ruby Reynolds, akitembea ufukweni Somerset na baba yake, aliokota vipande vya mfupa wa taya. Mwaka 2024 mnyama huyo akapewa jina, Ichthyotitan, na urefu wake ukakadiriwa mita 25, mrefu kuliko lile basi la mwendokasi lenye kiungo katikati. Jina la Ruby limo miongoni mwa walioandika utafiti. Natamani Mary Anning angeliona hilo. Huyu alikuwa binti maskini wa Lyme Regis, Uingereza hukohuko, aliyechimba ikthiosauri akiwa na miaka 12 tu, kati ya 1811 na 1812, na mwaka 1823 akachimba plesiosauri mzima wa kwanza. Wanaume walinunua mifupa yake, wakaandika vitabu, na chama chao cha jiolojia hakikuruhusu mwanamke. Haya, tuendelee, maana nikianza hapo sitamaliza.

MAMA WA KANSAS

Sasa tunafika kwenye ugomvi wetu wa idadi.

Ikthiosauri wengi walibeba mimba ya watoto kadhaa kwa mpigo. Lakini plesiosauri ndugu zangu ni hadithi nyingine. Hawa ni wale wa mapezi manne, wengi wao wana shingo ndefu kama twiga. Kwa karibu miaka mia mbili tangu Mary Anning hakuna aliyepata plesiosauri mjamzito, na watu walibishana kama walizaa au walijikokota ufukweni kutaga. Mwaka 1987, kwenye ranchi moja Kansas, Marekani, ulichimbwa mfupa baada ya mfupa wa Polycotylus, aina ya shingo fupi. Kansas leo ni katikati ya bara, ng'ombe na ngano, lakini miaka milioni 78 iliyopita bahari ilipita pale. Mawe yale yalikaa stoo miaka mingi. Yaliposafishwa yakaonyesha kuna mifupa ya watu wawili, samahani, ya wanyama wawili. Mwaka 2011 Robin O'Keefe na Luis Chiappe wakatangaza: mama na mtoto wake tumboni. Wako kwenye jumba la makumbusho la Los Angeles.

Mama ana mita 4.7. Mtoto, ambaye alikuwa bado hajafikia siku zake, ana makadirio ya mita 1.5. Na ni mmoja tu.

Nikapiga hesabu yangu ya jikoni. Mtoto wetu anazaliwa na sentimita 50 hivi, mama ana sentimita 160. Theluthi. Mita moja na nusu kwa 4.7, theluthi. Mama yule alibeba mzigo wa kwetu kabisa.

Wanyama wanaotambaa siku hizi kwa kawaida hawafanyi hivyo, wanazaa wengi wadogo. Wanaozaa mmoja mkubwa ni nyangumi, tembo, binadamu, na hao wote wanakaa na mtoto, wanamfundisha, wanampigania. Ndiyo maana watafiti wale wakasema inawezekana plesiosauri waliishi kwa makundi na kulea. Inawezekana, sikiliza vizuri neno hilo. Mfupa hauonyeshi mama akimsubiri mwanae. Lakini mimi naamini, na sina ushahidi mwingine zaidi ya huo. Huwezi kuweka mtaji wote kwenye kapu moja halafu ukaondoka zako.

Si wote waliokuwa na moyo huo. Upande wa pili wa Afrika, Bentiaba nchini Angola, kuna mosasauri, koo ya lile dude la kwenye filamu, ndugu wa kenge na nyoka. Mmoja wao, Prognathodon kianda, ana jina la Kianda, mzimu wa maji wa Waangola. Tumboni mwake yalikutwa mabaki ya mosasauri wengine watatu, na mmoja wao ni wa aina yake mwenyewe. Mawifi wa hivyo tunao, basi tu.

NA HUYU WA KIGAMBONI

Miaka milioni 66 iliyopita kimondo kikapiga Mexico, na mosasauri na plesiosauri wakaisha. Ikthiosauri walikuwa wametoweka mapema zaidi. Mama wa mtoto mmoja hayupo. Kati ya wanyama watambaao wa bahari za enzi zile, aliyevuka hadi leo na tunamjua kwa jina la Kiswahili ni kasa, ambaye hakuwahi kuacha kutaga. Nyoka wa baharini, wale wanaoelea na wengi wao huzaa hukohuko majini, wamekuja baadaye sana.

Hesabu ya kasa ni kinyume kabisa. Anapanda ufukweni usiku, anachimba, anataga mayai mia moja hivi, anafukia, anarudi majini. Msimu mmoja anaweza kufanya hivyo mara tatu au zaidi. Hawajui watoto wake, hawamjui. Mayai yanakaa mchangani siku 55 hadi 60, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likizidi, wanatoka majike. Kisha wanakimbilia maji huku kaa, ndege na mbwa wakiwasubiri, na inakadiriwa kati ya elfu moja ni mmoja tu anayefikia utu uzima, tena baada ya miaka 25 au zaidi.

Kwa hiyo mama mkwe wa Kijitonyama akisikia haya atasema umeona, wa mia ndiye aliyebaki. Hapana, mama yangu. Kimondo hakikuchagua kwa idadi ya watoto. Plesiosauri walidumu zaidi ya miaka milioni 130 kabla ya hapo, si haba. Kila mmoja alizaa kulingana na alichoweza kutoa baada ya kuzaa, na kaka yetu wa Mtoni Kijichi aliyepiga hesabu ya ada ndicho alichokifanya. Kanga zetu zimeshasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Ukitaka wanne na mna uwezo wa kukaa nao, mungu awabariki. Ila anayedai wa nne awe tayari kumpeleka shule, asiishie kumpa jina.

Huyu kasa si wa kwenye filamu. Ukivuka Daraja la Nyerere au kwa pantoni ukashuka kusini mwa Kigamboni, pale palipokuwa Temeke kabla haijagawanywa, kuna fukwe ambazo bado wanapanda kutaga. Shirika la Sea Sense lilianza kulinda viota Mafia mwaka 2001, kisha likaja wilaya nyingine za pwani, Temeke ikiwemo. Waliweka utaratibu wa kumlipa motisha mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota, na nyongeza kulingana na mayai yaliyoanguliwa. Mtu aliyekuwa akifukua mayai akawa mlinzi wake. Akili nzuri ile, naipenda.

Lakini nyavu za jarife bado zinawazamisha, maana kasa naye anavuta hewa. Nyama yake bado inaliwa, na hapo niseme wazi kwa mzazi mwenzangu: mwezi Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa. Sumu ile haitoki kwa kupika.

Na kuna taa. Kasa wachanga hutoka usiku na kufuata mwanga, ambao zamani ulikuwa wa anga juu ya bahari. Sasa tunajenga nyumba za ufukweni, tunaweka taa kali zinazoangaza mchangani, na vile vitoto vinageuka na kukimbilia barabarani. Wewe uliyenunua kiwanja huko na mwenzio, mnaosubiri kupandisha ukuta, hiyo taa ya nje ielekezeni chini, au izimeni usiku. Ukikuta mchanga umechimbwa na alama kama za tairi za trekta zimetoka majini, usifukue, usipige picha kwa mwanga mkali. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya uvuvi.

Mwezi ujao tutazungumzia akaunti ya pamoja benki, na safari hii barua ziwe fupi jamani.